Kinundu cha Namba Saba

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia kweli, au imekaa kabatini inatazamana na zile nyingine? Mimi huku sijambo. Mguu nao haujambo, ila viatu vimeanza kuchoka soli. Nitalirudia hilo mwishoni.

Baba kaniambia kwenye simu kwamba bati la karakana yako limevuja, maji yakaingia kwenye sanduku la pateni. Kwake ni habari ndogo. "Makaratasi tu hayo," anasema, "dada yangu atachora mengine." Nilimkatalia palepale, tukabishana mpaka salio likakata. Mimi nimekulia humo karakana, najua sanduku lile lina nini. Kadibodi thelathini na moja, kila moja imekatwa kwa umbo la mguu wa mtu mmoja, mtu ambaye akiingia duka la viatu hutoka mikono mitupu kwa sababu mguu wake haukuumbwa kwa kipimo cha duka. Na mimi ni mmoja wao. Tangu nina miaka minne sijavaa kiatu kisichotoka mikononi mwako. Kwa mguu wa kushoto ulioinama kama huu wangu, viatu vyako ndivyo vilivyonipeleka shule na kunifikisha hapa nilipo.

Sasa nisikilize. Unajua nafanya kazi kwa wachapaji, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza nafanya nini hasa. Kazi yangu ni kukata picha kwa kompyuta. Mtu analeta picha ya birika lake likiwa mezani, anataka birika peke yake, meza iondoke. Mimi nalizungushia birika mstari. Mstari wa kwanza tunauita chaguo. Ni vijistari vyeusi na vyeupe vinavyotembea kulizunguka birika, kama uzi wa kushikiza kabla hujashona. Ukibofya pembeni kwa bahati mbaya, wote unafumuka. Kwa hiyo chaguo likishakupendeza unaligeuza kuwa kitu cha pili, tunakiita njia. Njia haifumuki. Ina vituo, na kati ya kituo na kituo pana mstari uliopinda vile unavyotaka wewe, na mashine ya kukata inaweza kuufuata mara elfu bila kukosea.

Nataka kuzigeuza pateni zako ziwe njia. Halafu mashine yetu, ile ya kukatia herufi za mabango, izikate upya kwenye plastiki ngumu isiyojali maji wala mende. Bosi ameniruhusu kuitumia Jumamosi. Nitumie sanduku zima kwa basi la mizigo, nitakwenda kulipokea mwenyewe.

Na sasa langu. Nimechaguliwa kufundisha wafanyakazi wapya, watu kumi na wawili, wiki tatu nzima kuanzia katikati ya Mei. Kufundisha maana yake kusimama mbele. Unanijua, Shangazi. Miaka sita nimekaa nyuma ya meza, na nadhani nusu ya wenzangu hawajawahi kuniona nikitembea zaidi ya hatua kumi. Nimekubali, kisha nikaenda kujifungia chooni. Nitahitaji viatu vipya. Safari hii viwe vizuri mpaka watu watazame kiatu wasahau kutazama mguu.

Ni mimi mwanao wa kazi za kukaa.

*

11 Machi

Mwanangu, Bi Kompyuta,

Marahaba, na tena marahaba. Mgongo upo mahali pake, nyuma. Dawa yako naipaka siku nikitaka wageni waondoke mapema, inafanya kazi vizuri sana. Baba yako ni mzima, anakohoa kila akiniona nimekaa ili nisimame nimchemshie maji. Mimi mwenyewe sina neno.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia birika, mara ya pili nikasikia uzi wa kushikiza, ya tatu nikaelewa. Kumbe siku zote hizo kazi yako ni kukata! Nami nilikuwa nikiulizwa nasema unachapa barua. Kukata ni kazi ya ukoo huu, mwanangu. Umenivimbisha kichwa, siwezi kukuficha.

Sanduku linakuja. Nimelifunga kwa kamba ya kushonea soli, usijaribu kuikata kwa meno. Kadibodi nyingine zimevimba, nyingine zimeota ukungu kwenye kingo, zishike taratibu.

Ila ujue utaratibu wangu. Kila pateni ina namba, haina jina. Majina yako kichwani mwangu na yatabaki humo. Mtu mwenye mguu wa namna hiyo akikuvulia kiatu, amekuonyesha kitu ambacho pengine hata mkewe hajaonyeshwa mchana. Wako umo humo, lakini sikwambii ni upi. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuambia ufumbe macho uhesabu mpaka hamsini wakati nachora, ukadhani ni mchezo wako peke yako. Wote huwafumbisha macho, hata wazee wazima. Mtu akiuona mguu wake kwenye karatasi kabla ya kuona kiatu, hufa moyo.

Viatu nitakutengenezea. Hayo ya watu kutazama kiatu wasahau mguu nitakujibu siku nyingine, sasa hivi nina gundi vidoleni.

Shangazi yako mwenye karakana inayovuja.

*

29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wazima hapo? Bati limezibwa? Huku wote tu wazima, na leo nina furaha siwezi kukaa kitini.

Zimekwisha! Zote thelathini na moja. Zinakuja na basi hilihili lililobeba barua, pamoja na kadibodi zako. Ngoja nikusimulie, maana hakuna mtu mwingine wa kumsimulia. Wenzangu hapa wakisikia neno njia wanapiga miayo.

Nilizipiga picha moja moja kwenye skana, picha ndogondogo ili zisijaze kompyuta ya watu. Kila moja nikaizungushia chaguo. Hapo hapakuwa na shida, kadibodi nyeusi juu ya kioo cheupe, kompyuta inaiona yenyewe. Nikageuza chaguo kuwa njia. Shangazi, ningekuwa na moyo mwepesi ningelia. Ukingo uliolowa una nyuzinyuzi, ukungu, vipande vilivyotoka, na kompyuta ilivifuata vyote bila kubagua. Pateni moja ilipata vituo mia nne! Mstari umejaa meno kama kisu cha mkate. Nilifanya zote hivyo, nikazihifadhi kwenye flashi yangu, faili nikaliita Mbaya.

Halafu nikakumbuka kwamba unapogeuza, unaweza kuiambia kompyuta njia iruhusiwe kupotoka kiasi gani kutoka kwenye chaguo. Nilikuwa nimeibana kwa nusu nukta, nukta zikiwa ni vile vitone vinavyounda picha. Nikailegeza mpaka nukta kumi, ambazo ndizo mwisho. Loo! Vituo mia nne vikawa kumi na nane. Meno yakaondoka, mstari ukateleza mzuri, safi, kama uliochorwa kwa pumzi moja. Nilirudia zote. Na pale palipobaki uvimbe wa maji niliufuta kwa mkono, kituo kimoja kimoja.

Iliyonitesa zaidi ni namba saba. Sijui ni ya nani na siulizi. Hiyo maji yaliipata kweli, ilikuwa na kinundu ubavuni, chini kidogo ya kidole kidogo, hata nukta kumi hazikukimaliza. Nikafuta vituo vitatu, nikavuta mstari, ukanyooka. Sasa ndiyo nzuri kuliko zote.

Yangu nadhani nimeijua. Ni kumi na tisa, ile nyembamba yenye kiuno. Usinijibu, najua utaratibu.

Nakuvulia kofia, Shangazi. Siku tano nimetazama mistari yako kwa karibu kuliko mtu yeyote duniani. Umeikata kwa kisu, bila kompyuta, ukiwa umeinama na mgongo huo, lakini kisigino cha kila mmoja kimekaa sawa kabisa. Mimi nina mashine ya thamani ya nyumba na bado nilikuwa nakufuata nyuma.

Mwanao, mkata miguu.

*

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Bati limezibwa, baba yako ni mzima, na mimi wiki mbili sasa sina usingizi wa mchana kwa sababu yako.

Mzigo ulipofika nilikuwa na wateja wawili na fundi saa wa mlango wa pili. Nikaufungulia palepale. Ungewaona! Fundi saa aliishika moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hii haijakatwa na binadamu." Nikamwambia imekatwa na mwanangu, tena Jumamosi, tena bila malipo. Amekuja kila siku tangu hapo kuzitazama. Nimezitundika ukutani kwa misumari, zote thelathini na moja, na karakana inafanana na mahali pa watu wenye elimu. Nikinoa kisu nazitazama. Nikinywa chai nazitazama.

Zile kadibodi zilizooza nimewashia jiko. Sikuona sababu ya kuweka ukungu ndani wakati nina kitu kama hiki.

Viatu vyako nimekwisha kuvikata kwa pateni mpya, vipo kwenye kalibu, ule mguu wa mti, vinakauka polepole. Ngozi ya kahawia iliyoiva, laini mpaka unataka kuila. Vitakufikia kabla hujaanza kufundisha. Wateja wawili wamerudi wanasema viatu vimewabana kidogo. Nimewaambia ni ngozi mpya, wavivae nyumbani kwanza. Watu wamezoea kulalamika, wewe usitie moyoni.

Shangazi yako anayejipiga kifua.

*

17 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini wote mko salama. Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa sehemu moja.

Sijui nianzie wapi. Viatu vilifika Ijumaa iliyopita, vizuri kuliko vyote ulivyowahi kunishonea. Jumatatu nikavivaa, nikapiga moyo konde, nikasimama mbele ya watu kumi na wawili. Asubuhi ilikwenda vizuri, niliwaeleza chaguo, wakacheka nilipowachekesha. Saa sita mguu wa kushoto ukaanza kuwaka moto. Nikajiambia ngozi mpya. Jumanne nikavaa tena. Jumatano nilikuwa nafundisha huku nimeegemea meza, nimeuma meno, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kama nimekasirika.

Jumatano hiyo nilipotoka kazini nilivua kiatu barazani nikakuta soksi ina damu. Nikakaa kwenye ngazi, nikaushika mguu, nikautazama. Shangazi, naona haya kuandika haya. Nina miaka thelathini na moja, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuutazama mguu wangu kwa utulivu kwenye mwanga wa jua. Kidonda kipo ubavuni, chini kidogo ya kidole kidogo, juu ya ule mfupa unaojitokeza.

Kinundu. Namba saba ni mimi.

Halafu mimi nikajipa kumi na tisa! Nimetazama miguu thelathini na mmoja kwa siku tano, nimeijua mingine mpaka naiota, wangu nikaupita. Nikaona ni uharibifu wa maji, nikaufuta kwa mkono wangu mwenyewe na kukusimulia kwa furaha.

Sasa jambo linalonikosesha raha ni hili. Kama nimefuta mguu wangu, wengine thelathini nimewafanyia nini? Wale wawili hawakulalamika bure. Wamerudi wangapi sasa? Niambie ukweli, tafadhali. Kadibodi umezichoma, na picha za skana hazipo, kompyuta za kazini husafishwa kila mwisho wa mwezi. Nimegeuza kila kona, hazipo.

Limebaki lile faili nililoliita Mbaya. Humo mna zile njia za kwanza, zenye meno na vituo mia nne. Humo kila kitu kimo, nyuzi, ukungu, uvimbe, na miguu ya watu. Ila mimi siwezi kutofautisha kipi ni mguu na kipi ni maji. Nilijidai naweza, umeona matokeo yake. Wewe tu ndiye unayeweza. Nimezichapa zote kwa ukubwa wake halisi, zimo kwenye bahasha hii. Naomba uzitazame moja moja, unitilie alama.

Nisamehe.

Mwanao, namba saba.

*

22 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekuwekea dawa ya kidonda kwenye bahasha, paka asubuhi na jioni, vaa ndala, na wanafunzi wako wakikuuliza waambie shangazi yako ameamuru.

Sasa zamu yangu ya kuona haya. Wamerudi kumi na mmoja. Wa tatu aliporudi nilijua. Ni mama mmoja ninayemshonea tangu hajaolewa, hana tabia ya kulalamika. Nilimvua kiatu, nikachukua plastiki ukutani, nikaiweka chini ya mguu wake, nikaona pale anapozidi. Nikajua wengine wote watakuwa hivyohivyo. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo nimekuwa nagonga kila kiatu kwa nyundo, nakipanua kwa maji na kalibu, nakirekebisha kwa jicho. Mgongo umenishtaki, sijausikiliza.

Utauliza kwa nini sikukuandikia. Kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukusifu kwa mtaa mzima. Na kwa sababu nilikuona unaruka kwa furaha kwenye ile barua, nikasema nitamharibiaje mtoto furaha yake kwa milimita tatu. Nikaona bora nirekebishe kimyakimya. Huo haukuwa upendo mzuri, sasa naona. Umetoka damu kwa sababu ya ukimya wangu.

Lakini kuna zito kuliko hilo, na nisipoliandika leo sitaliandika tena. Viatu vyako nilivikata kabla ya vya wengine wote. Mguu huo nimeuchora mara ishirini na mbili, tangu ukiwa na miaka minne, naujua kuliko wangu. Nilipoweka plastiki juu ya ngozi niliona kabisa kwamba kinundu hakipo. Niliona, mwanangu. Na badala ya kushtuka nilifurahi. Ule mstari ulikuwa mzuri, umenyooka, na kwa dakika moja mzee mjinga mimi niliona kana kwamba mguu wako ndio umenyooka, kana kwamba nimeomba jambo likakubaliwa. Nikakata.

Nakuomba radhi. Mguu wako hauna kosa lolote. Huo mguu ndio ulionifunza ufundi. Kabla yako nilikuwa nabandika soli tu, kama wengine.

Karatasi zako nimezikalia siku mbili. Mwanzoni sikuzipenda, zina meno kweli, lakini nilipozitazama vizuri nilipiga kelele mpaka baba yako akatoka nje. Wote wamo humo! Kila mtu na mfupa wake. Kompyuta yako haikudanganya hata kidogo, mwanangu, ila ilisema mambo mengi kwa wakati mmoja. Nimetia kalamu nyekundu palipo mguu na ya buluu palipo maji. Nyekundu usiguse. Buluu futa utakavyo. Kumi na tisa, upende usipende, ni bwana mmoja mwenye ndevu, na ndiye mnene kuliko wateja wangu wote. Hilo nimekwambia kwa sababu umeteseka.

Namba saba sikuitia alama. Hiyo tia mwenyewe.

Shangazi yako.

*

31 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo vipi sasa? Umeacha kugonga viatu? Kidonda kimefunga, nimefundisha wiki mbili kwa ndala na hakuna aliyekufa.

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya maboksi ya karatasi, nikalia kidogo, kisha nikacheka kwa yule bwana mwenye ndevu. Nimekusamehe kabla hujamaliza kuomba. Wewe ulitaka mguu wangu unyooke kwa dakika moja. Mimi nimetaka hivyo kwa miaka thelathini.

Nilipanga kutia alama namba saba nyumbani, peke yangu. Halafu Jumanne ilikuwa siku ya somo la kugeuza chaguo kuwa njia. Nilikuwa nimeandaa picha ya birika kama kawaida. Nikasimama pale, nikawatazama wale kumi na wawili, nikaona birika halitawafundisha kitu. Nikavua ndala, nikavuta kiti, nikapanda, nikaweka mguu wa kushoto juu ya kioo cha skana. 

Picha ikatokea ukutani, kubwa kama mlango. Mguu wangu huo, Shangazi, na kinundu chake na kidonda chake. Nikawaambia, "Huu ni mguu wangu. Uchagueni." Wakauzungushia chaguo. "Geuzeni kuwa njia, legezeni mpaka nukta kumi." Wakageuza. Nikawauliza wanaonaje. Kijana mmoja mpole akasema, "Umependeza zaidi, Mwalimu." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikakiinua kile kiatu chako cha kahawia, nikawaonyesha damu ndani yake. "Basi hiki ndicho cha huo mguu uliopendeza. Mimi nina huu mwingine."

 Nikawarudisha kwenye chaguo, wakageuza upya kwa nusu nukta, mstari ukaja na meno yake. Tukaenda pamoja, kituo kwa kituo. Hapa ni uchafu wa kioo, futa. Hapa ni uzi wa soksi, futa. Hapa? Wakabishana. Nikawaachia wabishane, kisha nikapiga mstari mwekundu mwenyewe, mbele yao. Hapa ni mimi, acha. Tulipomaliza tuliigeuza njia ikawa chaguo tena, tukaiweka juu ya picha, ikakaa pale pale, hakuna kilichozidi wala kupungua. Wakapiga makofi. Sijui walikuwa wanaupigia mstari au mguu, na sikuuliza.

Wote thelathini na mmoja wanakuja kwako na mzigo huu, kwa alama zako. Vituo vyao ni vingi kidogo na havikuteleza sana. Fundi saa anaweza asivipende.

Jambo la mwisho. Baada ya somo mtu mmoja alibaki akijifanya anakunja waya. Waya ulipokwisha akaniuliza, anatazama ukutani, kiatu kile ameshona nani. Nimempa anwani yako. Sikumuuliza kitu.

Mwanao.

*

5 Julai

Mwanangu, Mwalimu,

Marahaba. Tu wazima wote. Mgongo umetulia, kumi na mmoja wale nimewashonea upya na hakuna aliyerudi. Yule mama asiyelalamika alitembea kutoka mlangoni mpaka kwa fundi saa, akageuka, akarudi, akaniambia kwaheri kama mtu mwenye haraka. Kwake hiyo ni sherehe.

Fundi saa amezitazama pateni mpya. Anasema zina kasoro kingoni. Nimemwambia hizo kasoro zina majina. Za mwanzo nimezitoa ukutani, ila saba nimeiacha juu ya mlango, ili nikiwa nataka kufurahia kitu kwa haraka niitazame kwanza.

Ile sehemu ya skana nimemsomea baba yako kwa sauti. Hakukohoa. Alitoka nje, akarudi akasema, "Mimi nilikuwa nikimwambia avae suruali ndefu." Basi. Mpigie simu.

Namba thelathini na mbili amefika. Amesafiri siku nzima. Alifumba macho akahesabu mpaka hamsini, na alipofika arobaini alikuwa anatabasamu. Usiniulize ni nani.

Viatu vyako vimo kwenye boksi. Uliniambia nikushonee kiatu watu wakitazame wasahau mguu, nami nikasema nitakujibu. Jibu ni hapana. Sijaficha kitu safari hii. Pale kwenye kinundu nimeiacha ngozi ijitokeze inavyotaka, na nimekizungushia mshono wa uzi mwekundu, njia yako ileile, kituo kwa kituo. Nilihesabu, vituo tisa. Ni mshono mgumu kuliko yote niliyowahi kupiga, na mzuri kuliko yote. Kwa hilo sitanii.

Sasa sikiliza. Ukivivaa, usinisifu. Tembea siku nzima kwanza. Simama, panda ngazi, fundisha. Kisha niandikie neno moja tu, vimekaa au havijakaa. Tumesifiana vya kutosha mwaka huu, na tuliona kilichotokea.

Shangazi yako anayesubiri.

*

12 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimetembea siku tano. Jana nilisahau kwamba nimevaa viatu.

Vimekaa.

Sasa naomba ruhusa ya kusifu.

Mwanao.